Umejenga wewe, yamefurika kwangu: migogoro ya nyumba za mabondeni Mtwara na Lindi

Huku kusini fedha ya kujengea hutoka kwenye korosho. Minada huanza Oktoba, malipo huingia Novemba na Desemba, na fundi huitwa mawingu yakiwa tayari yamejikusanya upande wa bahari. Mtwara na Lindi zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili. Hatuna vuli na masika zilizoachana kama walivyo watu wa Tanga. Kwa hiyo kiwanja hupimwa kikavu, msingi huchimbwa kikavu, ukuta hupanda mvua za kwanza zikinyesha, na kufikia Februari jirani yuko mlangoni, suruali imekunjwa magotini, anauliza kwa nini mwaka huu maji yamelala sebuleni kwake ilhali miaka yote yalikuwa yakipita.

Anayepigiwa hodi ana jibu lake: "Mvua sikuileta mimi." Ni kweli, hakuileta. Ila swali halikuwa hilo.

Migogoro ya namna hii huonekana kama ugomvi mmoja, na ndiyo maana haiishi. Ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa fundo moja. Je, ardhi ile iliruhusiwa kujengwa tangu mwanzo? Je, kilichoongezwa kwenye nyumba kina kibali? Na je, kilichoongezwa kimehamishia maji kwa mtu mwingine? Mtu anaweza kushinda swali la kwanza na la pili, akaanguka kwenye la tatu. Mwenye hati safi na kibali chenye mhuri anaweza kabisa kuwa ndiye aliyemfurikisha jirani, na asiye na karatasi yoyote akawa ndiye aliyedhulumiwa. Mtaani tunayachanganya yote matatu, kisha tunashangaa mwenyekiti wa mtaa amesuluhisha mara kadhaa na watu bado hawasalimiani.

Nianze na maji yenyewe, maana kwenye vikao vingi ndiyo yanayozungumzwa kidogo kuliko yote.

Tuchukue kiwanja cha kufikirika, mita 20 kwa 20, chini ya mteremko katika bonde lililokuwa la mpunga kabla mji haujalifikia. Mwenye nyumba amepata hela ya korosho na anataka kuongeza vyumba vinne vya kupangisha uani. Fundi naye si mjinga: ameona alama ya maji ya mwaka jana kwenye ukuta, anashauri kiwanja kizima kinyanyuliwe nusu mita kwa kifusi kabla ya kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege. Ushauri mzuri kwa anayemlipa. Lakini hesabu yake ni hii: mita za mraba 400 mara nusu mita ni mita za ujazo 200, karibu safari 30 za lori linalobeba mita 7. Mafuriko ya kina cha nusu mita yalikuwa yakiweka lita 200,000 za maji ndani ya kiwanja kile. Sasa lita hizo hazina pa kukaa pale, na maji hayafutiki kwa sababu mtu kanunua kifusi. Yatasogea kwa yule ambaye hajanunua.

Juu ya hapo kuna bati. Paa la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 100 usiku mmoja, linamwaga lita 15,000, yaani mapipa 75 yale ya lita 200. Uwani wa mchanga ulikuwa ukinywa sehemu yake. Mchanga wetu wa Mtwara ni mnywaji mzuri. Ukishamwagiwa zege hadi mpakani, haunywi tena.

Halafu uzio. Kwa maoni yangu huu ndio mkorofi kuliko vyote, na ndio ambao watu hawauhesabu kuwa ujenzi. Mtu atakuambia "sijajenga kitu, nimezungushia tu." Kifusi huchukua nafasi ya maji, lakini ukuta wa tofali uliokatisha mkondo huyafungia njia kabisa. Upande wa juu kina kinapanda; na siku ukuta unapoanguka, kwa kuwa tofali za inchi 6 zisizo na nguzo za nondo hazikujengwa zizuie maji, wa upande wa chini anapigwa na yote kwa mara moja. Majirani wawili, wa juu na wa chini, wanaumizwa na ukuta mmoja kwa njia mbili zinazopingana, na kila mmoja anakuja ofisini na hadithi inayoonekana kumkanusha mwenzake.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa pwani wanalijua vizuri bila kuliingiza kwenye ugomvi: bamvua. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari hujaa kuliko kawaida. Mvua kubwa ikinyesha maji ya bahari yakiwa yamejaa hivyo, mitaro inayomwaga kwenye ghuba au kwenye mikoko haina pa kumwaga, na maji ya mji husubiri kupwa. Ndiyo maana mvua ile ile inaweza kupita salama wiki moja na kufurikisha wiki inayofuata. Mtu aliyejenga uzio Januari na kufurikisha mtaa Februari anaweza kudai kwa dhati kwamba mvua ya kwanza ilipita bila tatizo, na akawa hasemi uongo. Anayetaka kujua ukweli aangalie na tarehe ya mwezi.

Sasa swali la kwanza: je, pale panajengeka?

Sheria ya Ardhi ya 1999 inazungumzia ardhi hatarishi. Humo imeweka maeneo ya mikoko, ardhioevu, na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufuko wa ziwa au pwani ya bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, ikakazia: ndani ya mita 60 za ufuko wa bahari, ziwa, ukingo wa mto au bwawa, shughuli za kudumu za binadamu zimekatazwa. Hapo ndipo zinapotoka zile "mita sitini" ambazo kila mtu anazitaja na wachache wanazipima.

Na kupima si jambo jepesi. Kwenye ufuko wa Lindi au Mikindani maji yakipwa yanaondoka mbali. Anayeshika futi kamba kuanzia pale maji yalipo saa hiyo atapata jibu moja asubuhi na jingine mchana. Kipimo chenye maana huanzia pale maji ya bamvua yanapofika. Mtoni pia kuna mabishano: ukingo ni upi kwa mto ambao nusu ya mwaka ni korongo la mchanga? Lukuledi hakuna anayebisha kwamba ni mto. Ila kile kijito kinachoshuka mtaani, chenye maji siku chache tu kwa mwaka, mwenye kiwanja atakiita mtaro na afisa mazingira atakiita mto, na kila mmoja ana sababu ya kuchagua jina lake. Ofisi ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini ipo hapa hapa Mtwara. Ndiyo yenye kazi ya kujua mikondo hii, na ni ajabu jinsi inavyokumbukwa mara chache watu wanapogombana.

Hapa wenye nyumba huweka hoja yao kubwa, na inastahili kusikilizwa. "Nina umeme, nina maji ya bomba, nalipa kodi ya jengo kila mwezi kwenye LUKU. Serikali inachukua hela yangu, leo inasema nyumba yangu haipo?" Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na kwa hiyo kila mwenye mita anajiona ametambuliwa. Kisheria haiko hivyo: kodi inadaiwa jengo kwa kuwa lipo, bila kusema kama lilistahili kuwapo. Hata leseni ya makazi, karatasi ambayo wengi wa maeneo yasiyopimwa huitegemea, imewekwa kwa ajili ya ardhi isiyo hatarishi. Lakini kama sheria haimpi mwenye nyumba haki, uungwana unamdai mtu jibu. Taasisi zote zile zilifika, zikasimika nguzo na kutandika bomba, na hakuna iliyosema neno.

Nyumba za zamani nazo zina hoja. Mikindani ina nyumba za mawe zilizosimama jirani na maji tangu kabla nchi haijawa na sheria ya mipango miji, na huko watu wa Mambo ya Kale nao wana neno lao kabla hujagusa ukuta. Hakuna mwenye akili anayetaka zibomolewe kwa ajili ya mita 60. Ila mwenye nyumba ya zamani anapojenga banda jipya uani, banda lile halirithi umri wa nyumba. Ni jengo la mwaka huu, na litaulizwa maswali ya mwaka huu. Hili huwakera sana watu, na nadhani ndilo linalozaa kesi nyingi zaidi kuliko nyumba mpya: mtu anaamini kwamba aliyekuwapo haombi.

Swali la pili basi, kibali. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kuendeleza ardhi ya mjini kunahitaji ridhaa ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwetu ni halmashauri: Manispaa ya Mtwara Mikindani, Manispaa ya Lindi, na nyinginezo. Kuendeleza si kujenga nyumba mpya peke yake. Kuongeza chumba, kupandisha ghorofa, kugeuza chumba cha mbele kuwa fremu ya duka, kujenga uzio, vyote vinaombewa. Kupaka rangi au kubadilisha bati lililotoboka hakuna atakayekufuatia. Maombi siku hizi hupita kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao TAUSI, na ndani ya ofisi yanazunguka kwa watu wa mipango miji, mhandisi na afya. Afisa afya hayumo kwa heshima tu. Choo cha shimo au karo lililochimbwa bondeni hufurika pamoja na kila kitu kingine, na kinachoingia kwa jirani si maji ya mvua pekee.

Tatizo langu na kibali ni kwamba kinatazama jengo kuliko kutazama maji. Ramani inayopelekwa huonyesha vyumba, madirisha, umbali kutoka mpakani. Mara nyingi haionyeshi ardhi inainamia wapi, kifusi kitapanda kiasi gani, wala maji ya paa yataelekezwa upande upi. Afisa aliyeko mezani mwezi wa Agosti hana la kumwonyesha kwamba mstari ule mwembamba wa uzio unakatisha mkondo. Kwa hiyo mtu anaweza kupata kibali halali kabisa cha kufurikisha mtaa, naye akakitundika ukutani. Kumbe kibali kinasema tu kwamba halmashauri imeridhia ujenzi ule. Hakijamvua deni lake kwa jirani.

Asiye na kibali ndiye anayekutana na rangi. Alama ya X imekuwa lugha ya kuta zetu. Kwenye barabara watu wamezoea kusoma nyekundu kuwa "ondoka, hulipwi" na kijani kuwa "ondoka, utalipwa". Kwenye mabonde mambo hayajanyooka kiasi hicho. Kawaida hutangulia amri ya kusimamisha ujenzi, kisha notisi ya kubomoa yenye siku zake. Anayepata notisi hukimbilia baraza la ardhi, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu ameshika mlango wa jirani ilhali ugomvi wake ni na serikali.

Milango ni hii. Ugomvi wa jirani na jirani huanzia Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hilo halihukumu tena. Linasuluhisha tu, na lina siku 30 za kujaribu. Likishindwa linatoa uthibitisho kwamba limeshindwa, na bila karatasi hiyo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitapokea shauri, isipokuwa siku 30 ziwe zimepita bila usuluhishi. Watu bado wanakwenda Kata wakitarajia mtu afungwe au ukuta uvunjwe, wanarudi wamekasirika kwamba "baraza halina meno". Halina, na halikusudiwi kuwa nayo.

Ugomvi na halmashauri ni barabara nyingine kabisa. Tangu 2020, anayetaka kuishtaki serikali ya mtaa, kijiji, wilaya au manispaa lazima atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na afungue shauri Mahakama Kuu. Kwa mtu wa Lindi maana yake ni safari ya zaidi ya kilomita 100 hadi Mtwara, iliko Mahakama Kuu ya kanda. Na angalia hesabu inavyogoma: notisi ya kubomolewa inaweza kuwa ya siku 14 au 30, notisi ya kushtaki ni ya 90. Nyumba itakuwa chini kabla mwenye nyumba hajaruhusiwa kufungua mdomo. Mahakama Kuu imeliona pengo hilo, na imekuwa ikipokea maombi ya zuio la muda wakati siku 90 zinahesabiwa. Linahitaji wakili, na linahitaji kwenda haraka. Anayetumia wiki mbili za mwanzo kumtafuta diwani amezitumia vibaya.

Na fidia? Mtu akijenga kwenye eneo lililokatazwa, msimamo wa kawaida wa serikali ni kwamba hana cha kulipwa. Lakini msimamo huo si mwamba. Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, Desemba 2015 nyumba zilivunjwa bila fidia. Miaka michache baadaye ukaja mradi wa kuliendeleza bonde hilo hilo kwa fedha za Benki ya Dunia, ambayo masharti yake yanataka hata asiye na hati alipwe kwa alichojenga, na watu wa bonde hilo wakaanza kulipwa. Mto ni ule ule. Kilichobadilika ni nani anayegharamia. Mtwara ilikuwa kwenye mradi wa miji ya kimkakati uliogharamiwa na benki hiyo hiyo, kwa hiyo maswali haya si ya Dar es Salaam peke yake: kabla ya kukubali kwamba hustahili, uliza mtaro unaokuja kupitishwa kwako unalipiwa na nani.

Swali la tatu, la jirani, ndilo lenye ugumu wa ushahidi. Anayedai lazima aonyeshe maji yalipita wapi awali, nini kilibadilishwa, na hasara ikafuata. Baraza au mahakama inaweza kwenda kutazama eneo lenyewe, na ni jambo jema, isipokuwa ziara ikiangukia Septemba. Septemba bonde ni kavu, mwenye uzio amepanda maua, na mdai anaonekana mzushi. Ndiyo maana picha zilizopigwa siku ya tukio, zenye tarehe, zina thamani kuliko mashahidi wengi. Piga alama ya maji ukutani pamoja na futi kamba. Piga na ule ukuta wa jirani maji yakiwa yameegemea. Picha za setilaiti za miaka ya nyuma nazo huonyesha mkondo kabla haujazibwa. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzitazama.

Na wazee. Kumbukumbu ya maji huku si fupi. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na wajukuu bado wanaonyeshwa maji yalipofika. Januari 2020 mafuriko yaliua watu wilayani Kilwa. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja na mvua zilizokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga. Mwenyeji anajua bonde lipi halijengwi hata kama hajui kifungu. Lakini viwanja vingi vya mabondeni vilibadilisha mikono miaka ile ya matumaini ya gesi, bei zilipopanda Mtwara na kila mtu akataka kipande. Aliyenunua alikuja kiangazi, akaonyeshwa ardhi tambarare yenye majani mazuri, mwenyekiti akagonga mhuri. Hakuna aliyemdanganya waziwazi. Hakuna aliyemwambia pia.

Turudi kwa yule mwenye vyumba vinne, maana kesi yake bado inaweza kuisha bila wakili. Ukuta ukishasimama, kuuvunja wote si lazima. Kinachotakiwa ni njia ya maji: matundu chini ya uzio upande wa juu na upande wa chini, yakiwa mkabala, au kalavati fupi, na mkanda wa ardhi wenye upana wa mita moja hivi usiojazwa kifusi kati ya tundu na tundu. Maji ya paa yaingie kwenye tangi au shimo la kunywea, yasimwagwe mpakani. Sheria ya Ardhi inatambua haki ya mtu kuitumia sehemu ya ardhi ya mwenzake kwa jambo maalumu, na njia ya maji inaingia humo. Kwa viwanja vyenye hati haki hiyo inaweza kusajiliwa, ikabaki hata nyumba ikiuzwa. Kwa vile visivyo na hati, makubaliano yaandikwe, yachorwe, wasaini wote wawili mbele ya serikali ya mtaa, na nakala iambatanishwe na karatasi za mauziano, kwa sababu atakayeziba tundu miaka mitano ijayo si huyu aliyekubali leo, ni yule atakayenunua kwake.

Na kwa ambaye fundi wake hajaanza: tundu huachwa kwenye kozi ya kwanza ya tofali, kabla ya plasta, na haligharimu chochote zaidi ya kumwambia fundi. Wekeni wavu upande wa juu, mzibue kabla ya Novemba. Bila wavu, mfuko mmoja wa plastiki unatosha kuwarudisha wote wawili Baraza la Kata.